Chaja ya pikipiki ya umeme inakata ikichajiwa kwa jenereta ndogo porini: shida ni jenereta, chaja au betri?

#1 Vumbi_Jekundu
Wakuu, habari za leo. Watu wa utafiti, doria za wanyama na waongoza watalii wameanza kuhamia pikipiki za umeme za porini, na kila kambi ina jibu lake kuhusu kuchaji. Nauweka mkasa huu mezani wenye ujuzi waupasue.

Betri ni 60V 40Ah ya NMC (lithiamu yenye nikeli, manganizi na kobalti), seli 16 kwa mfululizo, ikijaa ni 67.2V. Hiyo ni kama kWh 2.4. Chaja ni ya 67.2V 10A. Jenereta ni ya inveta, kVA 1, wati 900 za kudumu. Kambi zote mbili hazina gridi: moja Engaresero chini kwenye Ziwa Natron, nyingine juu upande wa Loliondo.

Engaresero inachaji kutoka 20% hadi mwisho bila kukata. Loliondo asubuhi inakwenda vizuri, lakini mchana inachaji kama dakika 20, inakata, inakaa dakika chache, inaanza tena yenyewe. Taa ya ovalodi ya jenereta haiwaki. Betri ikipita 80% inatulia hadi mwisho.

Hesabu: 67.2 mara 10 ni wati 672. Gawa kwa ufanisi wa chaja wa 0.9, unapata wati 747. Jenereta ni ya 900. Inakata kwa nini?

#2 FundiVolti
Mkuu, umepiga hesabu ya wati ukasahau VA, yaani volti mara ampea zinazovutwa kweli. Chaja nyingi za bei ya chini hazina saketi ya kurekebisha pawafakta (PF), yaani wati ukigawa kwa VA. Zinavuta umeme kwa vishindo vifupi kwenye kilele cha wimbi, kwa hiyo pawafakta inakaa 0.6 hadi 0.65. Wati 747 gawa kwa 0.63 ni VA 1,185. Jenereta yako mwisho ni 1,000.

Usibishane na mtu, soma kibandiko cha chaja upande wa kuingiza umeme. Ikiwa inasema ampea 3.5 kwa 230V, ina marekebisho. Ikiwa inasema 5 au 6, haina. Kisha nunua mita ya kuchomeka kwenye soketi, ile inayoonyesha W, VA na PF pamoja. Bila hiyo mita uzi huu utafika kurasa kumi za kubahatisha.

#3 Engo_Kaskazini
FundiVolti yuko sawa kuhusu VA, lakini swali ni kwa nini Engaresero inakubali na Loliondo inakataa. Chaja ni ile ile. Kilichobadilika ni mwinuko. Natron iko kama mita 600 juu ya bahari, Loliondo inakaribia 2,000. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300.

Engaresero: unapoteza asilimia 7, zinabaki wati 837. Loliondo: unapoteza asilimia 23, zinabaki wati 693. Chaja inataka 747. Jibu ndilo hilo, na wala halihitaji mita.

#4 BintiSola
Naomba nirekebishe #1 na #3 kwa pamoja. Wati 747 ni kilele, si wastani. Chaja ya aina hii inatoa ampea 10 zisizobadilika, na volti inapanda kadiri betri inavyojaa. Kwenye 20% betri iko kama 57V: hiyo ni wati 570 kwenye betri, 633 kutoka kwenye jenereta. Kilele kinakuja betri ikiwa 85% au 90%, kabla tu chaja haijaanza kupunguza ampea.

Sasa kama jenereta imepungukiwa na nguvu, ilipaswa kukubali kwenye 30% na kukata kwenye 85%. Vumbi_Jekundu anasema kinyume chake. Engo, hesabu yako ni safi ila inaelezea mkasa mwingine.

Swali kwa mleta uzi: ikikata, taa ya chaja inazima kabisa au inageuka kijani? Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Ikizima, umeme umekatika upande wa jenereta au chaja yenyewe imejifungia. Ikigeuka kijani, chaja inaona betri haipokei tena, maana yake BMS, saketi inayolinda betri, ndiyo imefunga mlango.

#5 Vumbi_Jekundu
Dada, zote mbili zimeonekana. Mara nyingi inazima kabisa na feni inasimama. Mara chache ni kijani huku feni ikiendelea.

#6 Mzee_wa_Kabureta
Basi kuna hitilafu mbili na mnazijadili kama moja.

Engo, ile asilimia 3.5 kwa mita 300 ni hasara inayobaki hata baada ya kubadilisha jeti ya kabureta (kile kitundu kinachopitisha petroli) kwa ajili ya mwinuko. Usipobadilisha, mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi kuliko hewa na hasara inazidi hapo. Fungua plagi ya jenereta baada ya kazi ya Loliondo: ikiwa na masizi meusi makavu, injini inashiba petroli inakosa hewa. Dawa ni jeti kuu ya namba ndogo kidogo, ila ukishuka Natron rudisha ya kwanza. Ukikimbiza injini bondeni na jeti ya mlimani, mchanganyiko unakosa petroli, injini inachemka na unachoma pistoni.

Kichujio cha hewa nacho. Vumbi la njia ya Natron ni laini kama unga. Sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke, itiwe oili kidogo, ikamuliwe. Ikiachwa kavu inapitisha vumbi, ikiloweshwa mno inaziba.

Na zima swichi ya eko wakati wa kuchaji. Ikiwa imewashwa, chaja ikikata injini inashuka mizunguko. Chaja ikirudi inavuta ghafla kabla injini haijapanda, volti inadondoka na chaja inakata tena. Kule kukata na kurudi kwa dakika chache kunanukia hili.

#7 Seli16
Naitetea betri. Chaji ya NMC ina mipaka ya joto: chini ya nyuzi 0 hairuhusiwi kabisa, na BMS nyingi zinakata chaji kwenye nyuzi 45 au 50. Kutoka Natron kupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Loliondo ni mchanga, mawe na mwinuko mfululizo. Kwa barabara ya kawaida ya porini pikipiki ya daraja hili inakula Wh 35 hadi 50 kwa kilomita; kwenye mchanga mzito inapita 60. Nguvu hiyo ikitoka, betri inachemka. Ukifika mchana ukachomeka chaja hapo hapo, unaongeza joto juu ya joto.

Vumbi_Jekundu, Engaresero mnachaji saa ngapi?

Na tafadhali betri isiwekwe kwenye hema wala juu ya boneti. Itoe kwenye pikipiki, isimamishe kwenye kivuli cha mti penye upepo, chini yake weka vijiti viwili hewa ipite. Bandika kipimajoto cha waya kwenye ganda na usichaji mpaka lishuke chini ya 35, kwa sababu seli za katikati zina joto kuliko ganda kwa nyuzi kadhaa.

#8 Vumbi_Jekundu
Engaresero ni usiku, baada ya saa 1 jioni. Loliondo ni saa 8 mchana, mara tu baada ya kufika.

#9 Seli16
Sina swali zaidi.

#10 BintiSola
Mimi ninalo. BMS ikikata kwa joto hairudi baada ya dakika tatu. Huwa imepangiwa kusubiri joto lishuke nyuzi kadhaa chini ya pale ilipokatia, na betri ya kilo 11 au 12 haipoi hivyo kwa haraka. Joto linaweza kueleza zile mara chache za kijani. Zile nyingi za kuzima kabisa bado hazina mwenyewe.

#11 Nyaya_Ndefu
Wakuu, mmeangalia ardhi? Jenereta ndogo hazijaunganisha nyutro na ardhi, nyutro inaelea. Chaja ikikosa ardhi inakata. Pia ekstensheni ndefu nyembamba inaua volti.

#12 FundiVolti
Nyaya_Ndefu, nyutro inayoelea inasumbua chaja za magari ya umeme, zile zinazokagua ardhi kabla ya kuanza. Chaja ya 67.2V ya kawaida haikagui chochote, na nyingine zina pini mbili tu.

Ekstensheni tuipime kwa namba. Mita 30 za waya wa mm² 1, kwenda na kurudi ni mita 60, ukinzani kama ohm 1.1. Hata kwa ampea 5.2 unapoteza volti 5.7 kati ya 230. Si kitu. Waya mwembamba unaua upande wa 12V, siyo huku.

Kwa mleta uzi, jaribio la kutenganisha injini na VA halina gharama. Tafuta balbu saba za zamani za wati 100, zile za nyuzi zinazotoa joto, uzifunge sambamba. Hizo pawafakta yake ni 1, wati 700 ni VA 700. Loliondo, saa 8 mchana, ziache ziwake nusu saa huku umezima eko. Zikififia au injini ikihema, Engo na Mzee wameshinda. Zikiwaka bila shida halafu chaja ikakata, ni VA.

#13 Msafiri_Mkavu
Uzi umefika #13 na BintiSola hajataja paneli hata moja. Dada, u mzima?

#14 BintiSola
Mzima kabisa, nilikuwa nasubiri mumalize petroli yenu.

Kambi ya kudumu inaweza kuchaji betri hii moja kwa moja kutoka kwenye paneli, bila inveta na bila chaja. Unahitaji kontrola ya MPPT (inayotafuta yenyewe volti ambayo paneli inatoa nguvu nyingi zaidi) ya mfumo wa 48V inayokubali kuandikiwa volti zako mwenyewe. Sio zote zinakubali kufika 67, soma kitabu chake kabla hujalipa. Ila mitego ni mingi, na nimeona betri nzuri na kontrola nzuri zikiuawa siku moja.

Mtego wa kwanza ni volti ya paneli. Chukua paneli mbili za wati 450 za seli 144 nusu. Kila moja Voc (volti bila mzigo) ni karibu 49.5V na Vmp (volti ikitoa nguvu ya juu) karibu 41V. Kwa mfululizo unapata Voc 99V, Vmp 82V. Mtu anaona kontrola ya 100V, anasema imetosha. Ile 99V ni ya paneli yenye nyuzi 25. Kila nyuzi moja ikishuka, Voc inapanda kama asilimia 0.28. Alfajiri ya Loliondo yenye nyuzi 10 unapata 103V, na kontrola inakufa jua likichomoza tu. Nunua ya 150V.

Mchana ni kinyume. Seli za paneli zinafika nyuzi 65, Vmp inashuka kama asilimia 14 hadi 70 au 71V. Kontrola hizi zinashusha volti tu, hazipandishi. Nyingi zinataka paneli iwe juu ya betri kwa volti 5 ili zianze na volti 1 ili ziendelee. Betri ikikaribia 67 umebakiwa na volti tatu. Ndiyo maana paneli mbili za seli 60, zenye Vmp ya 31 kila moja, haziwezi kuijaza betri hii hata kama Voc yake ya 76V inaonekana nzuri kwenye karatasi.

Mtego wa pili ni mipangilio ya betri ya asidi ambayo kontrola inakuja nayo. Zima equalization, ile ya kupandisha volti kusawazisha seli za asidi. Weka fidia ya joto kuwa sifuri: ukiiacha, kwenye mfumo wa 48V inaongeza kama milivolti 65 kwa kila nyuzi chini ya 25. Kwa nyuzi 10 ni karibu volti 1 nzima, 67.2 inakuwa 68.2, BMS inakata ghafla huku paneli zinasukuma, na volti inaruka kwenye kontrola. Mimi napendekeza uweke 66.4V ya juu, ya kushikilia 64V, na kikomo cha ampea 10 hata kama paneli zinaweza kutoa 15.

Mpangilio wa kuunganisha: betri kwanza, paneli mwisho. Kutoa: paneli kwanza, betri mwisho. Fyuzi ya DC ya ampea 20 karibu na betri, na swichi ya paneli iwe ya DC kweli. Swichi ya AC ya ukutani ikikata 90V ya DC inabaki na cheche ndani mpaka inayeyuka.

Mavuno: wati 900 mara saa 5.5 za jua kamili mara 0.75 ni kama kWh 3.7 kwa siku. Betri moja na nusu. Karibu na ikweta huku kuilaza paneli karibu bapa kunatosha, muhimu ifutwe vumbi. Tawi moja la mgunga likitia kivuli kwenye kona linakula theluthi ya paneli.

#15 Chalbi_na_Upepo
Salamu kutoka Marsabit. Paneli za kilo 24 kila moja na urefu wa mita 2 ni za kambi, hazifuati msafara. Sisi huku tunachaji kwa Land Cruiser inayoambatana na pikipiki, gari likitembea.

Wati 747 kupitia inveta yenye ufanisi wa 0.88 ni wati 849, na kwa 13.5V ni ampea 63. Soketi ya kiberiti usiiguse, fyuzi yake ni ya ampea 10 au 15. Toa waya wa mm² 25 moja kwa moja kutoka kwa betri ya gari, fyuzi ya ampea 100 isizidi sentimita 20 kutoka kwa terminali, inveta iwe karibu. Ukitumia waya wa mm² 4 kwa mita 3 unapoteza volti 1.6 na zaidi, inveta inapiga kelele ya betri kuisha na kumbe betri iko sawa.

Gari likisimama kwa silensa, bila kukanyaga mafuta, altaneta haitoi hata nusu ya ampea zake. Panda mizunguko hadi 1,500 au usichaji. Kuchoma dizeli lita nzima kwa saa ili kuchaji pikipiki ni hasara; lakini safari ya saa nne tayari ipo, na betri inafika kambini imejaa.

Inveta iwe ya wimbi laini. Ile ya wimbi la ngazi inachemsha chaja, na zile chaja zenye kurekebisha pawafakta nyingine zinakataa kabisa kuwaka.

#16 Msafiri_Mkavu
Na hizi benki kubwa za umeme za kubeba? Mfano EcoFlow Delta 2: Wh 1,024, wati 1,800. VA si tatizo tena.

#17 Seli16
VA si tatizo, uzito ndio tatizo. Ina kilo 12. Kati ya Wh 1,024, ukipitisha kwenye inveta yake zinatoka kama 870, ukipitisha kwenye chaja zinaingia kwenye betri kama 780. Hiyo ni theluthi moja ya betri. Kwa kilo hizo hizo 12 unabeba betri ya pili yenye kWh 2.4, na unaibadilisha kwa dakika mbili.

Anayepanga msafara aanzie hapo: betri ya pili kwanza, halafu ndiyo tujadili namna ya kuchaji. Ila ipange mapema. Betri hii haipandi ndege ya abiria kama mzigo wa msafiri, kikomo ni Wh 100, au 160 kwa ruhusa ya shirika. Inakwenda kwa barabara.

#18 Mzee_wa_Kabureta
Betri ya pili nayo inahitaji kuchajiwa, kijana. Umehamisha tatizo umeliita suluhisho.

#19 Seli16
Nimelihamisha kutoka saa 8 mchana hadi usiku, Mzee. Betri iliyopoa, hewa iliyopoa, hakuna anayeharakisha.

#20 Mwana_wa_Kruger
Afrika Kusini walishalifanya hili kwa askari wa wanyamapori. Southern African Wildlife College, pembeni ya Kruger, walipewa pikipiki za umeme za Kalk AP za kampuni ya CAKE ya Uswidi pamoja na vifaa vya sola vya Goal Zero. Sababu ilikuwa ukimya: jangili anaisikia pikipiki ya petroli kutoka mbali. Lakini CAKE ilifilisika mwanzoni mwa 2024, na pikipiki yenye betri na chaja za kampuni moja tu inakuwa na wasiwasi wa vipuri. Ndiyo maana nazipenda betri ambazo fundi anaweza kuzichaji kwa kontrola ya kawaida kama #14.

Kuna mtu atanipa jibu hili: ukivutwa na gari huku breki ya mota ikirudisha umeme, inafaa?

#21 FundiVolti
Kwa dharura, kilomita chache, inawezekana. Nyingi za daraja hili zinarudisha kidogo sana, mota na kontrola zinachemka, na BMS ikiwa imejaa inakata ghafla ukiwa kwenye kamba. Kamba kwenye mchanga ni hatari kuliko kusukuma.

#22 Vumbi_Jekundu
Mita imepatikana. Loliondo, betri 40%: W 655, VA 1,023, PF 0.64. Kibandiko cha chaja kinasema ampea 5.5. Plagi ya jenereta ina masizi meusi. Eko ilikuwa imewashwa siku zote.

#23 FundiVolti
0.64. Nilisema.

#24 Engo_Kaskazini
Hongera, sasa eleza Engaresero. Kwenye kilele inapaswa kufika VA 1,167 na haikati.

#25 Mzee_wa_Kabureta
Na masizi nani ameyaeleza?

#26 BintiSola
Nina jingine la kuongeza. Kikomo cha VA kiko kwenye elektroniki za inveta ya jenereta, siyo kwenye injini, na zile zinapozwa kwa hewa. Hewa ya mita 2,000 ni nyembamba, inabeba joto kidogo. Usiku wa Natron inavumilia kuzidishiwa kidogo. Saa 8 mchana juu kule, dakika 20 zinatosha kuzichemsha. Betri inapopita 80% jua limeshaanza kushuka. Ila hii ingepaswa kuwasha taa ya ovalodi, kwa hiyo siiapii.

#27 FundiVolti
Mpaka tujue, tumia chaja ya ampea 5. Kilele ni wati 373, VA 583. Kutoka 20% ni saa sita na nusu hadi saba badala ya tatu na nusu, petroli inaongezeka kidogo, na inawezekana usiku. Jaribio la balbu bado nalisubiri, mchana, eko imezimwa. Ukibadilisha jeti na eko na chaja kwa siku moja hatutajua kitu.

#28 Vumbi_Jekundu
Nimekusoma. Balbu kwanza, kimoja kimoja. Asanteni.

#29 Mgeni_Barabarani
Wakuu, nina pikipiki ya umeme ya Surron Ultra Bee ya 74V. Naweza kuazima chaja ya kambi hii nikipita?

#30 Seli16
Hapana. Yako ni seli 20, ikijaa ni 84V. Chaja ya 67.2V haitaisogeza popote. Kubwa zaidi ni upande wa pili: chaja yako ya 84V isichomekwe kamwe kwenye betri ya seli 16. Kama konekta zinaingiliana, BMS pekee ndiyo inabaki kati ya seli na moto. Funga utepe mwekundu kwenye waya wa chaja yako na uandike 84V kwa wino mzito.

#31 Mgeni_Barabarani
Konekta zinaingiliana kweli, nimeziangalia sasa hivi. Naenda kununua utepe.